Kamba ya Mkwe

Mimi sipigi kelele. Watu wa Iringa wananisingizia, hasa mke wangu Mwamvita, anayedai kwamba nikiomba chumvi mezani, majirani wa mtaa wa pili ndio wanaoileta. Naitwa Zubery bin Bushiri, fundi wa kamba, na fundi wa kamba akinong'ona, mtu anakufa. Kazi hii nilijifunza bandarini Tanga kwa mzee mmoja mwenye vidole saba. Vile vitatu vilivyokosekana ndivyo vilivyonifundisha zaidi.

Basi mwaka wa hamsini na sita nikaitwa Mbeya kupandisha kengele ya kanisa. Kabla sijaondoka, wenzangu wa msikitini wakaanza uchokozi: "Zubery, wewe na kanisa wapi na wapi?" Nikawaambia kitu kizito hakina dini, kikidondoka kinamponda yeyote. Nikapakia makapi yangu, yale magurudumu ya kupitishia kamba, na kamba zangu za katani kwenye lori, Igawa tukashuka kula wali, na jioni nikawa Mbeya, mifupa yote inaniuma kwa mashimo ya barabara ile.

Kanisa lenyewe lilikuwa kilimani, juu ya Ilomba, kati ya mashamba ya viazi na migomba. Kengele ilikuwa chini ya turubai, nzito, nyeusi, imetoka ng'ambo kwa meli. Mnara ulikuwa wa mawe, mrefu, umenyooka vizuri kabisa. Nikauliza ni kampuni gani iliyoujenga. Wakacheka. Wakanionyesha mzee aliyekaa juu ya jiwe, kanyoosha miguu, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi.

Huyo ndiye Mzee Andendekisye, Mnyakyusa, mwashi. Kila kiangazi alikuwa akipanga mawe ya mnara ule, na kila masika akisubiri mvua ziishe aendelee, mpaka magoti yakamwisha. Malipo hakutaka. Aliomba jambo moja tu kwa wazee wa kanisa: kengele ikija, aiweke mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Sasa kengele imekuja, na ngazi ya ndani ya mnara haiwezi tena.

"Fundi," akaniambia Mzee Sedekia, msimamizi wa kanisa, "utaweza kumpandisha kwa kamba?"

"Nimepakua mashine za treni kutoka kwenye meli," nikamjibu. "Nitashindwa na mzee mmoja mkavu?"

Nilimpenda mzee yule palepale. Alinisalimia "Ugonile," nikamjibu ovyo, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Nikishaiweka hiyo kengele, Mungu aniite saa yoyote."

"Akuite ukiwa nyumbani kwako," nikamwambia. "Kwenye kamba yangu, asithubutu!"

Sasa sikilizeni jinsi kazi yenyewe ilivyo, msije mkasema Zubery ana maneno mengi. Kengele inavutwa na watu wengi kwa kamba nene na makapi, inapanda nje ya mnara hadi dirishani. Mzee naye anapanda pembeni yake, amekaa kwenye kiti cha ubao, kafungwa mkanda kiunoni. Wakifika dirishani, mzee anaisukuma kengele iingie, wenzake wawili walio ndani wanaipokea, kisha yeye anapitisha chuma kwenye boriti. Kengele ikicheza huku, mzee ashushwe kidogo. Ikicheza kule, apandishwe kidogo. Kwa hiyo kamba ya kiti chake haifungwi moja kwa moja. Inapita kwenye kapi juu, inashuka, inazungushwa kwenye nguzo ya mti uliochimbiwa chini, na mkia wake anaushika mtu mmoja.

Mtu huyo mmoja ndiye roho ya kazi. Hahitaji nguvu nyingi, maana makapi na nguzo vinambebea uzito. Anahitaji macho na moyo. Kwangu mimi sheria ni hii: mshika kamba hamwondolei macho mtu wake aliye juu. Ishara ya mkono ikitolewa, aione yeye mwenyewe. Nyoka apite miguuni, nyumba yake iungue, macho yabaki palepale.

Kumpata mtu kama huyo, nina jaribio langu. Napandisha gunia la mchanga, nampa mtu mkia wa kamba, nasubiri mpaka ajisahau, kisha nalitegua lishuke ghafla. Mshika kamba wa kweli anakaza. Wengine wanaruka.

Aa, waliruka! Vijana wa pale, vifua vipana, wanabeba magunia mawili ya viazi kwa mpigo, lakini gunia likishtuka tu, mtu kaachia kamba na kukimbia na kilio juu. Jailos, mtoto wa Mzee Andendekisye, aliruka mpaka akaangukia ndoo ya chokaa, akatoka mweupe magoti mpaka kisogo. Nikawafokea. Nadhani niliwafokea sana, kwa sababu ng'ombe wa jirani walihama.

Wanawake walikuwa wakituletea maji ya kuchanganyia saruji, na mmoja wao alikuwa akicheka kuliko wote. Mrefu, debe la maji kichwani, anacheka na tone halimwagiki.

"Wewe unayecheka!" nikamwita. "Njoo ushike wewe!"

Akatua debe, akafunga khanga yake vizuri, akaja. Nikampa mkia wa kamba. Nikapiga soga kidogo, nikamwuliza habari za shamba, kisha nikalitegua gunia. Likashuka kwa kishindo, likakwama hewani. Mama yule hakusogea hata hatua. Nikarudia, nikapiga na ukelele wa moto. Kimya, kamba imekazwa, macho yako juu.

"Mbona hukushtuka?" nikamwuliza.

"Nina watoto wa kiume wanne, fundi," akasema. "Kwangu kila siku kuna kinachodondoka."

Jina lake Ikupa. Nilifurahi, wallahi, kama mtu aliyeokota pete. Nikapaza sauti wote wasikie: "Kazi imekwisha! Huyu ndiye atakayemshika Mzee Andendekisye!"

Wengine wakatazama chini, wengine wakajifanya wana kazi na majembe. Ikupa akaiweka kamba chini taratibu, akachukua debe lake, akaondoka. Hapo nikapandwa na hasira. Nikauliza kuna nini, mbona mmekuwa mabubu, au kwenu mwanamke hashiki kamba? Nikasema mengi.

Jailos, bado mweupe kwa chokaa, akanivuta pembeni. "Fundi, Ikupa ni mke wangu."

"Hongera. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mzee ni baba mkwe wake. Hawezi kumtazama."

Ndipo nikaelezwa. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mke hatamki jina la mzee, wala mzee halitamki lake; mke hakai alipokaa mzee, hapiti alipo. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia migombani na kusimama huko mpaka mzee apite. Ni heshima, na heshima kubwa. Wamebatizwa, ndiyo, na baadhi yao walishaanza kuilegeza, lakini nyumba ile haikuiacha. Ikupa alikuwa ameolewa miaka tisa na hajawahi kuuona uso wa mzee yule.

"Sasa kwa nini hamkuniambia mapema?" nikasema.

"Ulikuwa unapiga kelele, fundi."

Nikatafuta njia. Tukajaribu Jailos awe macho ya mkewe: Ikupa ashike kamba akiwa ameupa mnara mgongo, Jailos amwambie "panda" na "shuka." Tukajaribu kwa gunia. Mimi niliye juu natoa ishara, Jailos anaiona, anaiwaza, anafumbua mdomo, Ikupa anasikia, mkono unafuata. Neno moja likawa safari ya kwenda Tukuyu. Gunia likajipigiza ukutani, likapasuka, mchanga ukamwagika mpaka chini.

Nikateremka. Nikasema, "Basi. Mchanga huo ungekuwa mzee. Siwezi. Kumfundisha mtu mwingine asishtuke ni kazi ya mwezi, na keshokutwa Jumapili mnaizindua. Nitapanda mimi kuiweka kengele. Mzee hapandi."

Mzee Andendekisye alikuwa nyuma ya kanisa, kwa kuwa mkwewe alikuwa mbele. Nikamfuata kumwambia mwenyewe. Sipendi kumtumia mtu mzima ujumbe mbaya. Akanisikiliza. Akauweka mkono ukutani, kwenye mawe yake, akawa anaupapasa tu, na kichwa akageuzia upande mwingine. Niliumia, nawaambieni. Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kuvunjika mkono, lakini sikuumia vile.

Niliporudi mbele, Ikupa alikuwa akinisubiri, macho mekundu. "Nikishika, namvunjia heshima," akasema. "Nisiposhika, namnyima alichokingoja maisha yake. Nifanyeje, fundi?"

"Mama, mimi ni fundi wa kamba," nikamwambia. "Mambo ya ukoo yana mafundi wake."

Tukiwa hapo, tukasikia kicheko nyuma ya kanisa. Jailos akatokea, anacheka na kujifuta macho. "Baba ananituma," akasema. "Anasema, siku zote mkwewe ndiye anayejificha migombani. Kesho zamu yake mwenyewe."

Ebo! Sikuelewa mpaka asubuhi ya Jumamosi. Mzee Andendekisye alikuja ameshikwa mkono na wazee wenzake, amevishwa majani makavu ya mgomba kutoka utosini mpaka magotini, yamefungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Uso hauonekani, kifua hakionekani. Ni mikono miwili tu inayotoka pembeni, na vipande vya miguu chini. Watoto wakapiga mayowe, kina mama wakapiga vigelegele, mbwa mmoja akatoroka. Na sauti ikatoka ndani ya majani: "Fundi, niko tayari."

Msidhani nilicheka tu. Nilicheka, ndiyo, lakini nilimkagua. Nikakata kila jani refu linaloweza kunaswa na kapi. Nikamwambia anyanyue mikono, akunje miguu, ageuke. Nikavuta mkanda wake, nikavuta kiti, nikakitundika kwanza kwa uzito wangu mwenyewe. Nikapita kwenye kamba yote kwa vidole, tangu mkia hadi kapi, kutafuta uzi uliokatika. Nikalowesha kidole na kukiinua hewani: upepo hakuna. Ndipo nikamwita Ikupa.

Akaja ameinamisha kichwa. Akashika mkia wa kamba. Akavuta pumzi, akanyanyua macho, akaona mgomba umekaa kwenye ubao. Mdomo ukamtetemeka, kwa kicheko au kwa kilio sijui.

"Unamwona?" nikamwuliza.

"Naona majani, fundi."

"Majani yenye mikono. Itazame mikono. Twende!"

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi tamu. Wavutaji wa kengele wakajipanga, mimi mbele yao: "Harambeee!" Nao: "Mbee!" Kengele ikanyanyuka kutoka chini, ikazunguka kidogo, ikatulia, ikapanda. Pembeni yake mgomba nao ukapanda. Mkono wa kulia ukiashiria juu, Ikupa anavuta. Kiganja kikifunguka, Ikupa anakaza. Hakuna anayechelewa, hakuna anayebabaika. Nimefanya kazi na watu wa bandarini miaka mingi sijaona wawili wanaoelewana vile, na hawa hawajawahi kuambiana hata habari za asubuhi. Chini watu wakaimba kwa Kinyakyusa, wakatia jina la mzee ndani ya wimbo, Ikupa peke yake akawa anaruka neno hilo.

Wakafika dirishani. Kengele ikawa nusu nje, nusu ndani. Mzee akaisukuma kwa mikono yote miwili. Nikahisi ubaridi shingoni, nikajua upepo huo unatoka mlima Loleza, nikafumbua mdomo kusema "Shikeni!"

Wavutaji wakashika. Lakini upepo ulishafika. Ulipiga mara moja tu, kwa nguvu, ukafumua kamba za mgomba, na majani yakaruka yote pamoja. Akabaki mzee: kipara, ndevu nyeupe, shati lenye kiraka, na uso mtupu mbele ya dunia nzima.

Kina mama wakapiga ukelele. Na Ikupa akafumba macho, akageuza kichwa. Hakuamua, miaka tisa ya heshima iliamua. Mwili ulipogeuka, mkono ukafuata, kamba ikateleza kwenye nguzo, na kiti kikashuka karibu urefu wa mkono. Kengele, ambayo mzee ndiye aliyekuwa akiizuia, ikaanza kurudi nje juu ya kichwa chake.

Nikataka kupiga kelele. Mimi, Zubery! Sauti haikutoka. Nikawa nafumbua mdomo kama samaki.

Ikasikika sauti ya mzee kutoka juu:

"Ikupa! Nitazame, mwanangu! Nitazame!"

Jina lake. Kwa mdomo wa baba mkwe wake. Nilisikia watu wakivuta pumzi kila upande.

Ikupa akafumbua macho. Akageuka, akamtazama mzee usoni, na kamba ikakazwa. Kiti kikasimama. Mzee akanyoosha mkono: juu. Ikupa akavuta, machozi yanamtiririka na hayafuti, kwa maana mikono ina kazi. Juu tena. Kiganja. Akakaza. Mzee akaipokea kengele kwa bega, akaisukuma, wale wa ndani wakaikumbatia, ikaingia. Akapitisha chuma kwenye boriti. Akakigonga kwa nyundo, mara ya mwisho akakikosa chuma, au alifanya makusudi, nyundo ikagonga kengele.

Ngoooo!

Lo! Kilima kizima kikalipuka. Watu walikumbatiana, walicheza, Mzee Sedekia aliitupa kofia yake haijapatikana hadi leo. Mimi nilibusu nguzo. Sauti ilinirudia yote kwa pamoja, na nasikia nilisikika hadi sokoni Mbeya.

Ikupa alimshusha mzee polepole, mpaka miguu yake ikagusa nyasi. Shangwe ikafifia. Watu wakakumbuka kilichotokea. Kosa kama lile lina faini yake, na wazee wawili walishaanza kunong'ona kuhusu ng'ombe. Mzee amesimama. Ikupa bado ameshika mkia wa kamba, na bado anamtazama.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "nimwachie?"

"Mwachie, mama. Yuko chini."

Akaiachia. Papo hapo akajifunika uso kwa khanga, akageuka kukimbilia migombani.

"Ngoja," mzee akasema. Ikupa akasimama. Mzee akaendelea: "Wazee, kama kuna faini, ni yangu. Mimi ndiye niliyemwita kwa jina, mimi ndiye niliyemwambia anitazame. Lakini nawauliza. Mtu huyu ameniona nikining'inia. Ameniona nimeogopa, miguu inanicheza kama ya ndama. Roho yangu ilikuwa mkononi mwake, na hakuiachia. Nimfiche nini tena?"

Wale wa ng'ombe wakatazama viatu vyao.

"Geuka, mwanangu," mzee akamwambia. "Miaka tisa nakula chakula cha mkono wako. Nami nataka kumjua mwenye mkono."

Ikupa akageuka. Kisha akaishusha khanga. Wakatazamana, mzee na mkwewe, hatua tatu kati yao. Yeye akamtazama mzee vizuri, bila haraka sasa, kipaji, macho, ndevu. Na neno lake la kwanza kwa baba mkwe wake, baada ya miaka tisa, akimwita baba kwa Kinyakyusa, likawa hili:

"Tata, kumbe hii pua Jailos ameitoa kwako!"

Mzee Andendekisye akaishika pua yake. Akamtazama Jailos, naye kaishika yake. Kicheko kilichomtoka mzee yule sijawahi kukisikia tena kwa mtu mzima, na Ikupa naye akacheka, na sisi sote tukacheka, mpaka mzee magoti yakamshinda akakaa tena kwenye kiti changu cha ubao, ambacho nilikuwa bado sijakifungua.